Mwigizaji sugu ni mwigizaji butu
"Kazi hii inataka watu sugu." Nimeisikia tena, na kama kawaida aliyekuwa akiambiwa ni chipukizi aliyekosa nafasi kwenye usaili wa kuigiza. Jamani, sugu ni nini? Tazama kisigino: ngozi imekuwa nene hata haisikii changarawe. Mtu wa namna hiyo, mwenzake akimdharau katikati ya sini, yaani kipande kimoja cha mchezo, atasikia nini? Atakunja uso kwa sababu skripti imesema akunje, na kamera ikimsogelea itamuumbua.

Kukosa nafasi kunauma, na kuume tu. La msingi ni kuumia kwa kilicho chako. Mengi si yako: mhusika mkuu ameshapatikana nawe unampita kimo, huendani kwa umri na waliochaguliwa kuwa wazazi wako, tarehe za kurekodi zimehamishwa. Hutaelezwa. Mara nyingi hupigiwi hata simu, na ukimya huo ndio jibu.

Kwa hiyo usaili uishie mlangoni. Andaa namna mbili za kuicheza sini, maana ukiambiwa "hebu fanya tofauti" wanapima kama unaelekezeka, hawasemi umekosea. Ukijirekodi, rudia mara tatu au nne, chagua, tuma. Wanaofika mara ya 20 huishia kutuma ya pili. Ukimaliza, ndani ya dakika 10 andika mistari mitatu: kilichokwenda ulivyopanga, kilichokuponyoka, utakachojaribu safari ijayo. Skripti ifungwe. Kuirudia kichwani njia nzima ni kufanya usaili usio na msaili.

Sasa linaloniudhi zaidi. Kiswahili chenyewe kinasema *kuvaa uhusika*, na kinachovaliwa huvuliwa. Lakini mafunzo mengi hukomea kwenye kuvaa, halafu tunamsifu aliyefika nyumbani bado analia, eti huyo ndiye ameigiza kweli. Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1934 Stella Adler, mwigizaji wa Marekani, alifanya kazi na Stanislavski, mwongozaji na mwalimu wa uigizaji wa Urusi, mjini Paris, akarudi Marekani akisisitiza mawazo ya kubuni na mazingira ya mhusika badala ya kufukua vidonda vyako. Lee Strasberg, mwalimu mwingine wa uigizaji huko Marekani, hakukubali, akaendelea na kumbukumbu za hisia. Mimi niko upande wa Adler kwa sababu ya kikazi kabisa: machozi ya msiba wako hutoka mara ya kwanza, mwongozaji akitaka mara ya sita yamekauka, kisha yanakuja yenyewe usiku wakati hakuna aliyeyaita. Kinachotakiwa ni kitu unachoweza kukirudia, na jeraha halirudiwi kwa amri.

Kuvua basi. Simama, miguu iachane kwa upana wa nyonga. Vuta pumzi puani kwa hesabu 4, itoe mdomoni taratibu kwa hesabu 6 au 8, mara 5 hivi. Legeza taya, maana hasira hujificha hapo hata baada ya mabega kushuka. Kung'uta mikono, papasa uso kwa viganja. Vua nguo za mhusika kabla ya kushika simu. Wengi hufanya kinyume, wakaanza kujibu ujumbe wa mama kwa sauti ya jambazi. Kama sini ilikuwa ya ugomvi, mtazame mwenzako, muitane kwa majina yenu halisi. Mkiliruka hili, kesho yake mtanuniana na hakuna atakayejua kwa nini.

Nikiri: sijui kama kinachosaidia ni pumzi yenyewe au ni zile dakika 5 za kutosemeshwa na mtu. Na wapo waigizaji hodari wasiofanya lolote kati ya haya, wanalala fofofo. Wapo pia ambao haya hayawatoshi. Usingizi ukikupaa wiki mbili mfululizo, au ukaanza kumwogopa mtu kwa sababu ya alichokufanyia kwenye sini, hilo si la mwalimu wa uigizaji. Nenda kwa mshauri wa saikolojia.