Kwa nini unga wa asidi amino hugoma kuyeyuka majini?

Mimina kijiko cha unga wa asidi amino usiotiwa ladha, ule wa makopo wanaounywa wanyanyua vyuma, kwenye glasi ya maji ya baridi, kisha koroga. Maji yanazunguka, unga unabaki juu kama vumbi la dimbwini, mwingine umeng'ang'ania ukingo wa glasi. Onja sasa: mchungu, na uchungu wenyewe unakaa ulimini. Wengi hapo huamini wameuziwa feki. Mara nyingi si feki. Ni leusini hiyo, mojawapo ya asidi amino zilizomo, ndivyo ilivyo.

Protini za mwili hujengwa kwa asidi amino 20, na 9 kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke kwenye chakula. Leusini ni mojawapo. Molekuli yake ina mkia wa kaboni na hidrojeni unaofanana tabia na mafuta, kwa hiyo hukwepa maji. Lita nzima ya maji yasiyo ya baridi huyeyusha takriban gramu 24 tu. Piga hesabu: glasi ya mililita 250 inaishia gramu 6, na maji yakiwa ya baridi hata hizo hazifiki. Glisini, ndugu yake mdogo asiye na mkia huo, huyeyuka gramu 250 kwa lita, tena ni tamu.

Basi mtengenezaji ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuifanya leusini ikubali maji. Hapo hutumia lesitini, inayotokana na soya au alizeti: upande mmoja wa molekuli yake hupenda mafuta, wa pili hupenda maji. Chembe za unga zikipakwa utando mwembamba wa lesitini, hulowa upesi na kuzama. Ya pili ni kuficha uchungu. Asidi ya sitriki, ileile inayoufanya ulimi usisimke kwa ndimu, hufunika uchungu vizuri, na sukralosi, kitamu kisicho sukari, huongeza utamu. Ndiyo maana makopo haya huwa na ladha ya ndimu, embe au nanasi, na ni nadra kukuta ya chokoleti.

Usumbufu wote huu wa nini? Ukishanyanyua vyuma, misuli hubomoka na kujengwa kwa wakati mmoja. Leusini huamsha protini ya ndani ya seli iitwayo mTOR, ambayo huagiza ujenzi uanze. Gramu 2 hadi 3 kwa mkupuo zinatosha kwa vijana wengi. Ndiyo sababu makopo mengi huwa na leusini na wenzake wawili kati ya zile 9, isoleusini na valini, kwa uwiano wa 2:1:1.

Hapa ndipo ninapotaka mnunuzi asimame kidogo. Leusini ni kama fundi mkuu, asidi amino nyingine ni tofali: fundi akipiga kelele kazi ianze na tofali hakuna, ukuta haupandi. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza waliwapa vijana waliozoea kunyanyua vyuma gramu 5.6 za asidi hizo tatu baada ya mazoezi. Ujenzi wa protini ya misuli ulizidi kwa asilimia 22 ukilinganisha na kinywaji kisicho nazo. Ongezeko lipo, ila zile sita nyingine za lazima mwili unabaki kuzitafuta kwingine, ikiwemo kwenye misuli yenyewe inayobomoka. Mapema zaidi, mwaka 2000, watafiti wa Marekani walitumia gramu 6 za asidi amino za lazima pamoja na gramu 35 za sukari, na ujenzi ukaushinda ubomoaji. Kwa hiyo kopo lenye tatu tu, kwa bei yake, mimi silinunui. Nikinunua, nataka zote 9 zimeandikwa na gramu za kila moja.

Na jikoni je? Lita moja ya maziwa ina takriban gramu 3 za leusini. Mayai matano yanakaribia hapo. Mahindi yana leusini nyingi lakini yamepungukiwa lisini, nyingine ya zile 9, na maharage yana lisini ya kutosha, kwa hiyo sahani ya ugali na maharage inakamilisha zile 9, ingawa hufika kwenye damu polepole kuliko unga.

Kama kopo tayari unalo, tangulia maji, tena yasiwe ya friji. Weka unga juu yake, funika, tikisa kwa nguvu, uache utulie dakika chache, kisha tikisa tena kabla ya kunywa. Mwenye ugonjwa wa figo amuone daktari kwanza.