Upepo wa tairi na safari ya treni

Mtwara na Lindi hakuna treni siku hizi. Reli ya mradi wa karanga wa wakati wa ukoloni, iliyofika Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwenye kwenda Tabora au Kigoma na baiskeli huanza kwa basi hadi Dar es Salaam, na kabla hajaondoka huambiwa: toa upepo wote, la sivyo tairi zitapasuka kwa joto la behewa au kwa kupanda bara.

Hofu hiyo ina msingi, kwani hewa hutanuka ikipata joto. Ila kiasi chake ni kidogo. Tairi yenye upepo wa pauni 40 (kwa inchi ya mraba, kama geji inavyosoma) asubuhi kwenye nyuzi 27, ikifika nyuzi 57, itasoma kama pauni 45. Kuhusu kupanda bara, Dodoma, iliyo njiani, iko mita 1,100 hivi juu ya bahari. Mwinuko huo hauongezi hata pauni mbili. Tairi nzima huvumilia hayo, mradi haikujazwa hadi ukomo wake. Ukiwa na wasiwasi, punguza kidogo tu. Kuimaliza kabisa ndiyo hasara, maana baiskeli ikiburutwa stesheni ringi hubana tyubu na kuitoboa. (Tairi iliyochanika pembeni ni jambo jingine, hiyo ibadilishwe.)

Soma ukomo ulioandikwa ubavuni mwa tairi. Kisha azima pampu yenye geji kwa fundi, pima alfajiri, acha baiskeli juani, upime tena saa nane mchana.