Mtumishi wa Umma Haombi Ruhusa ya Kujiunga na Chama

Kila mara naulizwa: "Wakili, mkubwa wangu amekataa kunitilia sahihi fomu ya chama cha wafanyakazi, nifanyeje?" Fomu hiyo haihitaji sahihi ya mkubwa. Inahitaji yako.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama cha wafanyakazi, kujiunga nacho, kushiriki shughuli zake na kugoma. Mwalimu yumo, muuguzi yumo, karani wa kaunti yumo. Wanajeshi na polisi ndio ambao Kifungu cha 24(5) kinaruhusu sheria iwabane.

Anayekumbuka tulikotoka halichukulii hili kwa wepesi. Mwaka 1980 serikali ya Moi ilipiga marufuku chama cha watumishi wa umma, na cha wahadhiri wa vyuo vikuu pia. Watumishi walikaa hadi 2001 ndipo wakapata chama tena. Kizazi kizima kilifanya kazi bila wa kukisemea.

Siku hizi hakuna anayepiga marufuku. Kizingiti kimehamia kwenye makaratasi. Muuguzi mmoja aliniletea barua ya mwajiri wake: ada ya chama haiwezi kukatwa kwenye mshahara kwa kuwa chama "hakijatambuliwa". Barua ina mhuri na maneno mazito, lakini imechanganya mambo mawili. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kutambuliwa kunadai chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kuwa wanachama. Hapo mwajiri hulazimika kujadiliana nacho mkataba wa pamoja, yaani mapatano ya mishahara na masharti ya kazi. Makato hayasubiri nusu hiyo. Agizo la waziri wa kazi la kukata ada hiyo likiwepo, na Fomu S, yaani fomu ya kukubali ukatwe ada, uliyotia sahihi ikamfikia mwajiri, ana siku 30 aanze kukata.

Tena orodha ya makato ndiyo ushahidi mkuu wa idadi ya wanachama. Mwajiri anayezuia makato anakinyima chama ushahidi, kisha anakikataa kwa kukosa ushahidi huohuo. Huo ni uonevu, na nimeuona kwingi mno.

Kwa hiyo peleka Fomu S kupitia chama, nakala igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukitishiwa kazi, Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, inasema uanachama si sababu halali ya kukufuta. Siku 30 zikipita kimya, chama kiende Mahakama ya Leba na nakala hiyo mkononi.