Sasisho kuzuiwa na antivairasi: maana yake nini?

Mwalimu mmoja, jirani yangu, aliniletea laptopu yake akiwa amekata tamaa. Kila jioni Windows ilipakua sasisho, ikajizima na kuwaka, ikafika asilimia 35, kisha ikaandika kwamba inaondoa mabadiliko. Kesho yake mambo yaleyale, na bando linakwisha bure. Alidhani imeingia virusi. Nilipoipekua nilikuta antivairasi ya majaribio aliyoikuta humo siku anainunua dukani. Muda wake ulikwisha kitambo, lakini ilikuwa haijaacha kazi ya kuzuia.

Watu wakisema "sasisho limezuiwa na antivairasi", huwa wanachanganya mambo mawili, na tiba yake si moja.

La kwanza ni kwamba antivairasi yenyewe imekataa. Programu hii hukaa katikati, baina ya diski na programu nyingine zote. Faili yoyote ikitaka kuandikwa, lazima ipite mbele yake ikaguliwe. Sasa tazama sasisho linafanya nini. Linaingia kwenye System32, folda ya faili za Windows yenyewe, linaondoa faili za mfumo na kuweka nyingine mahali pake, linabadili rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, linaweka vitu vitakavyojiwasha pamoja na kompyuta. Kirusi hatari nacho hufanya hivyohivyo. Njia mojawapo kubwa ya kuvitofautisha ni sahihi ya kidijitali, yaani muhuri wa Microsoft ulioambatishwa kwenye faili. Antivairasi isiyoutambua muhuri huo itamzuia fundi ikidhani ni mwizi.

Hilo lilitokea Agosti 2019. Microsoft iliacha muhuri wa aina ya zamani, SHA-1, na kuanza kutia masasisho ya Windows 7 muhuri wa aina mpya, SHA-2, peke yake. Antivairasi za Symantec na Norton zikawa zinazuia au kufuta faili za sasisho wakati linasakinishwa, na kompyuta ingeweza kugoma kuwaka kabisa. Ikabidi Microsoft isitishe kuzipelekea sasisho kompyuta zenye programu hizo, hadi zuio lilipoondolewa tarehe 27 mwezi huohuo.

Hapo tayari tumeingia kwenye jambo la pili: mwenye mfumo, yaani Microsoft, ndiye anayezuia, kwa sababu ya antivairasi uliyonayo. Mfano wake mkubwa ni Januari 2018, zilipotangazwa kasoro za Meltdown na Spectre zilizomo ndani ya prosesa zenyewe. Sasisho la kuziba kasoro hizo liligusa namna kiini cha mfumo, yaani keneli, kinavyotumia kumbukumbu. Baadhi ya antivairasi zilikuwa na mazoea ya kuingia kwenye keneli kwa njia zisizoruhusiwa, na zilipokutana na sasisho, kompyuta iligoma ghafla na kuonyesha skrini ya bluu. Microsoft ikaweka sharti: antivairasi iandike alama maalumu kwenye rejista kuthibitisha kwamba inaafikiana na sasisho. Pasipo alama hiyo kompyuta haikupewa sasisho hilo wala mengine ya usalama yaliyofuata. Kwa Windows 10 sharti hilo liliondolewa Machi 2018. Hebu mfikirie mtu mwenye antivairasi ya zamani katika miezi ile: anaamini amelindwa, kumbe antivairasi hiyohiyo ndiyo inayomnyima ulinzi. Jambo hili huniuma, kwa sababu Windows haikupiga kelele yoyote, ilinyamaza tu.

Utatofautishaje? Fungua mipangilio ya Windows Update, kisha historia ya masasisho. Sasisho lililojaribiwa mara nyingi na kushindwa, kila mara na msimbo wa kosa, lipo kwenye kompyuta yako na kuna kitu kinalikwamisha. Kama wenzako wamelipata na kwako halijaonekana kabisa, huenda limezuiliwa huko linakotoka, nawe usililazimishe.

Kwa hali zote mbili mimi huanza kwa kusasisha antivairasi, na nasisitiza: programu nzima, si orodha ya virusi tu. Wengi huona imeandikwa kwamba virusi vipya vinajulikana leo asubuhi, wakaridhika, huku programu yenyewe ni ya miaka mitatu nyuma. Mwaka 2019 toleo la 1903 la Windows 10 lilizuiliwa kwenye kompyuta zenye Avast au AVG toleo la 19.5.4444.567 na ya nyuma yake. Dawa ilikuwa kupakua toleo jipya tu.

Ikishindikana, watu huizima kwa muda. Wakati mwingine inasaidia, ila usichomeke flashi ya mtu wala kufungua tovuti kipindi hicho. Tena kuzima hakuondoi vipande vyake vilivyomo ndani kabisa ya mfumo, ndiyo maana sasisho laweza kukwama vilevile. Hapo iondoe, ukishahifadhi namba ya leseni kama uliilipia. Watengenezaji wengi wana kifaa chao cha kufuta masalia. Cha Avast kinaitwa Avast Clear, na hufanya kazi vizuri kompyuta ikiwashwa katika hali salama (Safe Mode), yaani na vitu vya lazima tu. Kompyuta ya ofisini mwachie msimamizi wake.

Ya mwalimu niliiondoa, nikaiwasha kompyuta upya, nikahakikisha Microsoft Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, imeamka kushika zamu. Sasisho lilipita asilimia 35 jioni ileile.