Miezi mitatu ya taamuli, miaka saba baadaye

Mstari unatokea katikati ya kioo cha kompyuta, unazimika. Unatokea mwingine. Ukiona mrefu, bonyeza kitufe. Ukiona mfupi, zuia kidole. Tofauti ya urefu ni ndogo, na mifupi ni mmoja tu katika kila kumi, hivyo kidole hujizoelea kubonyeza. Kazi hiyo huchukua zaidi ya nusu saa bila mapumziko. Inachosha makusudi: kabla hujafika katikati akili imeshatoroka, na kila kosa linaonyesha ilitoroka lini.

Kwa kipimo hicho, pamoja na vingine vingi, Clifford Saron na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwapima watu 60 mwaka 2007. Mahali palikuwa kituo cha mafungo kwenye milima ya Colorado, Marekani. Mwalimu alikuwa Alan Wallace, aliyewahi kuwa mtawa katika Ubudha wa Kitibeti. Kwa kugawanywa kibahati nasibu, 30 waliingia mafungoni miezi mitatu wakifanya taamuli karibu saa sita kwa siku, na 30 wakabaki makwao kungoja zamu yao. Hawa wa kungoja walisafirishwa hadi mlimani kila wakati wa vipimo, wakapimwa kwenye maabara ileile, baada ya kupewa siku kama tatu za kuzoea hewa nyepesi ya huko. Huo ndio uangalifu ninaoupenda katika utafiti. Bila huo, uchovu wa mlimani ungeweza kuhesabiwa kuwa udhaifu wa akili.

Tunapozungumza na watu kuhusu taamuli, wengi hudhani ni kukaa ukiwaza jambo kwa kina. Shamatha, aina ya taamuli waliyoifanya mafungoni, ambayo jina lake ni neno la Kisanskriti lenye maana ya utulivu, ni karibu kinyume chake. Unaketi, unaituliza akili kwenye pumzi inayoingia na kutoka puani. Ikikimbilia deni la dukani, unairudisha bila kujikaripia. Inakimbia tena, unairudisha tena. Mara mia, mara elfu. Washiriki wa Colorado waliongezea mazoezi ya kuwatakia wengine heri na nafuu ya mateso.

Matokeo ya mwanzo yalitolewa mwaka 2010. Waliokuwa mafungoni waliweza kutofautisha mistari iliyokaribiana zaidi kuliko mwanzo, na umakini wao haukuporomoka haraka kama zamani. Kundi la pili lilipopata zamu yake, nalo likapata maendeleo kama hayo.

Lakini swali la mwananchi ni jingine: je, faida hiyo hubaki? Miaka saba baadaye, watu 40 kati ya wale 60 walipimwa tena, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018 na Anthony Zanesco, Saron na wenzao. Sehemu ya faida ilikuwa bado ipo. Zaidi ya hapo, miongoni mwa wenye umri mkubwa, walioshikilia zoezi kwa bidii hawakuonyesha kushuka kwa umakini kunakoandamana na uzee kwa kiasi kile kilichoonekana kwa wenzao waliolegeza kamba. Angalia vizuri hapa: kwa wastani watu hawa walikuwa wameendelea na taamuli karibu saa moja kila siku kwa miaka yote saba. Hata hivyo hawakuzidi kupanda kupita pale walipofika mwishoni mwa mafungo.

Kuna habari moja ya utafiti huu iliyosambaa kupita kiasi. Ncha za kromosomu zetu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, hulindwa na telomea, mfano wa upindo wa kanga: ukifumuka, kitambaa chenyewe huanza kuchanika. Kimeng'enya kiitwacho telomerasi husaidia kuzikarabati. Mwishoni mwa mafungo, utendaji wake ulikuwa juu kwa karibu theluthi moja kwa walioshiriki kuliko kwa waliongoja. Kazi hiyo ilimhusisha Elizabeth Blackburn, mshindi wa Nobeli ya tiba ya mwaka 2009. Ila kimeng'enya hicho kilipimwa mwishoni tu, hakikupimwa mwanzoni. Anayekuambia kwamba taamuli imethibitishwa kurudisha ujana anakudanganya.

Tukumbuke pia kwamba washiriki walikuwa na uzoefu wa taamuli tangu awali na walijilipia gharama za mafungo. Miezi mitatu ya ukimya, bila kazi wala foleni za barabarani, nayo ina mchango wake, na ni vigumu kuutenga na taamuli yenyewe. Baada ya kundi la pili kumaliza zamu yake, hapakubaki tena kundi la kulinganisha nalo.

Na mafungo marefu si mepesi kwa kila mtu. Mwaka 2017 watafiti Jared Lindahl na Willoughby Britton walichapisha mahojiano na watu 60 wa nchi za Magharibi wanaofanya taamuli ya Kibudha: wapo waliopatwa na hofu kali, kukosa usingizi, hata kuhisi nafsi imetengana na mwili. Kwa hiyo, kama umewahi kuugua ugonjwa wa akili, au ndugu yako wa damu ameugua, ongea na daktari kabla ya kujiandikisha kwa mafungo ya siku nyingi, na dawa usiache. Dakika kumi za pumzi nyumbani ni jambo jingine. Ukiona zinakutia wasiwasi badala ya kukutuliza, fumbua macho, simama, tembea, na umweleze mtu unayemwamini.