Je, wajua jicho lililo ndani ya pembetatu kanisani lilitoka wapi?

Katika baadhi ya makanisa, hasa ya Kikatoliki ya zamani, ukiinua macho juu ya altare utakuta pembetatu iliyochorwa ukutani, ndani yake jicho moja limefumbuliwa, na miale ya dhahabu imetawanyika pande zote. Nilipoliona jicho hilo mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili, na sikuwa na shaka hata kidogo. Hiyo ni alama ya Frimasoni, na imeingiaje nyumbani mwa Mungu? Nilirudi nyumbani nikamweleza mama. Akanijibu, "Mwanangu, nenda kamuulize katekista." Sikwenda. Picha zilizokuwa zikizunguka kwenye simu zilinitosha: noti ya dola, jicho juu ya piramidi, na mshale mwekundu wa kuonyesha siri ilipo. Nilibaki na imani hiyo miaka mingi, na bado nakutana na watu wazima wanaoiamini kama nilivyoiamini mimi.

Jicho lile ni alama ya Utatu Mtakatifu. Pembe tatu ni Nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Jicho ni Mungu mmoja anayeona yote, kama Zaburi ya 33 inavyosema kwamba jicho la Bwana li kwao wamchao. Mtu angeweza kuishia hapo, lakini hofu ya Frimasoni imekita mizizi kwetu kiasi kwamba sentensi tatu haziwezi kuing'oa. Tuifuate tarehe kwa tarehe.

Chama kikuu cha kwanza cha Frimasoni kiliundwa London tarehe 24 Juni 1717. Zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo, mwaka 1614, Mwingereza Walter Raleigh alitoa kitabu chake cha historia ya dunia, na kwenye ukurasa wa mbele kuna jicho juu kabisa, likiitazama dunia, na limeandikwa kwa Kilatini neno lenye maana ya Maongozi ya Mungu. Katika karne hiyohiyo ya 17 Wakristo wa Ulaya walikuwa wakichora pembetatu yenye miale, wengine wakiweka jicho ndani yake, wengine jina la Mungu kwa herufi za Kiebrania. Kwa upande wa Frimasoni, maandishi yanayotajwa mara nyingi kuwa ya mwanzo kulieleza jicho hilo ni ya Mmarekani Thomas Smith Webb, ya mwaka 1797.

Na dola je? Mwaka 1776 Marekani iliunda kamati ya kubuni mhuri wa taifa: Benjamin Franklin, John Adams na Thomas Jefferson. Franklin alikuwa Frimasoni kweli. Lakini jicho ndani ya pembetatu lilitoka kwa msanii waliyemwita kuwasaidia, Pierre Eugène du Simitière, mzaliwa wa Geneva, ambaye hakuwa Frimasoni. Mchoro wa kamati hiyo ulikataliwa. Jicho likarudi katika mchoro uliopitishwa tarehe 20 Juni 1782, na Charles Thomson, katibu wa Bunge lao, alieleza maana yake: Mungu ameingilia kati mara nyingi kuwasaidia katika harakati zao. Kwenye noti ya dola moja mhuri huo uliwekwa mwaka 1935 tu. Kwa hiyo anayeonyesha dola kama ushahidi dhidi ya kanisa amelishika jambo kinyumenyume. Wamarekani walichukua picha ambayo Mkristo yeyote wa wakati ule aliitambua, na Frimasoni nao wakachota kisima hichohicho. Ni kweli wanalitumia jicho hadi leo, mara nyingi bila pembetatu. Kutumia kitu hakumfanyi mtu kuwa mwanzilishi wake.

Kuna jambo moja wanaosema "limetoka Misri" hawajalikosea kabisa. Wasomi wa Italia wa karne ya 15 walivutiwa mno na hieroglifu, yaani maandishi ya picha ya Misri ya kale, wakaamini kwamba Wamisri wa kale walichora jicho wakimaanisha Mungu. Mvuto huo ulisaidia jicho kupendwa na wachoraji. Pembetatu yenyewe ina historia nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifanya nisome usiku kucha nilipoigundua.

Historia hiyo ni ya tatizo la mchoraji. Unaagizwa uchore Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Utachora nini?

Jaribio mojawapo la kale kabisa lipo katika makumbusho ya Vatikani, kwenye jeneza la mawe la karne ya 4. Wamechongwa wanaume watatu wenye ndevu wakimuumba Hawa. Watu wengi wanaotafsiri mchongo huo husema ni Utatu. Ukiutazama, hata hivyo, unaona wazee watatu, na mtoto asiyefundishwa atasema ni miungu mitatu. Wengine wakarudi kwenye Mwanzo 18, pale Abrahamu anapokaribisha wageni watatu penye mialoni ya Mamre, na Maandiko yanawataja mara kama wengi, mara kama Bwana mmoja. Andrei Rublev alichora ikoni, yaani picha takatifu, ya wageni hao nchini Urusi mwanzoni mwa karne ya 15: malaika watatu wameketi kuizunguka meza, nyuso zao karibu sawa, vichwa vimeinamiana. Mwaka 1551 mtaguso wa Moscow, yaani mkutano wa viongozi wa kanisa, uliagiza wachoraji wafuate mfano wake.

Huko Florence, Italia, yapata mwaka 1427, Masaccio alichora ukutani mwa kanisa la Santa Maria Novella njia nyingine iliyokuwa ikipendwa Magharibi: Baba amesimama nyuma akiushika msalaba, Mwana yuko msalabani, na Roho Mtakatifu ni njiwa katikati yao. Njiwa huyo ametandaza mabawa pale pale shingoni pa Baba, mweupe, mdogo, na ukipita haraka utadhani ni ukosi wa vazi lake. Nafsi ya tatu ya Utatu, na macho yanaipita! Udhaifu wa njia hiyo ni huo: Nafsi zinaonekana wazi kuwa tofauti, ila hazionekani kuwa sawa.

Ndipo wengine wakajaribu njia ya ajabu kuliko zote. Walichora kichwa kimoja chenye nyuso tatu: pua tatu, midomo mitatu, ndevu tatu, na kwa kuwa nyuso zinapakana, macho manne tu. Bado unaweza kuona kichwa cha namna hiyo kimechongwa juu ya kidaka cha sanamu nje ya Orsanmichele, Florence. Antonino, askofu mkuu wa mji huohuo aliyefariki mwaka 1459 na baadaye akatangazwa mtakatifu, aliwalaumu wachoraji wa picha hizo, akisema kwamba mtu mmoja mwenye vichwa vitatu ni dubwana katika maumbile. Naona alikuwa na haki. Nilipoikuza mojawapo ya picha hizo kwenye kompyuta nilishindwa kuikazia macho, kwa sababu jicho langu lilihama kutoka uso mmoja hadi mwingine bila kupata pa kutulia.

Ngoja tukae kidogo kwenye ugumu wenyewe, maana bila kuuelewa pembetatu itabaki pambo tu. Kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza wengi wetu tulipewa mfano wa maji: yanakuwa barafu, yanakuwa kimiminika, yanakuwa mvuke, nayo ni maji yaleyale. Ni mfano mtamu, ila unavunjika. Barafu ikishakuwa mvuke si barafu tena, yaani ni kitu kimoja kinachobadili vazi. Kanisa lilikataa fundisho la namna hiyo tangu karne ya 3, lilipohusishwa na mtu aliyeitwa Sabellius. Basi tuchukue mafiga. Jifya moja haliinjiki chungu. Yanahitajika matatu, na chungu ni kimoja. Hapa usawa umepatikana na ushirikiano umepatikana, lakini mafiga ni mawe matatu kamili, unaweza kuondoa moja na likabaki kuwa jiwe. Tumeangukia miungu mitatu. Mfano wa kwanza unaumeza utatu, wa pili unaumeza umoja, na kila mfano ninaoufahamu huanguka upande mmoja kati ya hizo mbili.

Watu wa karne ya 13 walikuwa na njia ya kulionyesha jambo hili bila mfano wowote, kwa mistari tu. Waliiita ngao ya imani. Chukua karatasi. Kwenye pembe tatu andika Baba, Mwana, Roho Mtakatifu, na katikati andika Mungu. Kwenye mistari mitatu ya nje, inayounganisha pembe na pembe, andika "siye". Kwenye mistari mitatu inayoingia katikati andika "ni". Sasa soma: Baba siye Mwana, Mwana siye Roho Mtakatifu, Roho Mtakatifu siye Baba. Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho Mtakatifu ni Mungu. Kila mstari unasomeka kwenda na kurudi, kwa hiyo mistari 6 inatoa sentensi 12. Hakuna mstari unaokuruhusu kutoka Baba hadi Mwana kwa neno "ni". Mchoro huu unaonekana katika miswada ya mwanzoni mwa karne hiyo, iliyoambatana na kazi ya mwanateolojia Peter wa Poitiers, na katika mswada mmoja ulioko Maktaba ya Uingereza anaonekana askari juu ya farasi, ameukinga mwili wake kwa ngao hiyohiyo dhidi ya maovu.

Pembetatu ya pande sawa ni ngao hiyo iliyovuliwa maneno. Igeuze upendavyo, hakuna pembe iliyo kubwa kuliko nyingine. Kata pembe moja, na umbo zima si pembetatu tena, tofauti na figa. Na pembe zote zipo kwa wakati mmoja, tofauti na barafu na mvuke. Hata hivyo nayo ina upungufu: pembe moja peke yake si pembetatu nzima, ilhali imani inasema kila Nafsi ni Mungu mzima. Kwa jinsi ninavyoisoma mimi, hapo ndipo jicho linapofanya kazi. Jicho haligawanyiki kwa tatu. Linakutazama lote, kutoka kila upande wa umbo.

Yote haya yanakutana kwenye turubai moja. Yapata mwaka 1525, nyumba ya watawa Wakartusi huko Galluzzo, karibu na Florence, ilimwagiza Jacopo Pontormo kuchora karamu ya Emau, pale Yesu mfufuka anapomega mkate na wanafunzi wawili wakamtambua. Leo picha hiyo iko katika makumbusho ya Uffizi. Wanafunzi wako miguu mitupu, watawa wamevaa kanzu nyeupe nyuma ya meza, na chini yake wamejificha paka na mbwa. Juu ya kichwa cha Yesu kuna pembetatu inayong'aa, na ndani yake jicho kubwa.

Pontormo hakulichora jicho hilo. Yeye alichora kichwa chenye nyuso tatu. Baadaye, baada ya Mtaguso wa Trento kutoa agizo lake kuhusu picha takatifu mwezi Desemba 1563 na makanisa kuanza kuondoa picha zinazopotosha, mkono mwingine ulizifunika zile nyuso kwa rangi na kuweka jicho mahali pake. Macho manne yakawa jicho moja. Mwaka 1628 Papa Urbano VIII alizipiga marufuku picha za nyuso tatu, na mwaka 1745 Papa Benedikto XIV aliandika barua akifafanua kwamba Nafsi za Utatu zichorwe kama zilivyojionyesha katika Maandiko: Baba kama mzee wa kitabu cha Danieli, Roho Mtakatifu kama njiwa. Pembetatu na jicho, ambazo hazijifanyi kuwa sura ya mtu, zilipita bila taabu. Kwa hiyo nilichokiogopa nikiwa kidato cha pili kilipakwa pale na kanisa lenyewe ili kusahihisha picha yake.

Jirani zetu Wahabeshi walifuata njia nyingine kabisa. Katika kanisa la Debre Berhan Selassie, mjini Gondar, Ethiopia, dari nzima imejaa nyuso za makerubi wenye macho makubwa meusi. Kwenye ukuta ulioelekea patakatifu, juu ya Yesu msalabani, wameketi wazee watatu wa nywele na ndevu nyeupe, wanaofanana mpaka kope. Hawakuogopa kwamba utahesabu miungu mitatu. Walichoogopa zaidi ni kwamba ungemwona mmoja kuwa mdogo kuliko mwenzake. Selassie ni Utatu kwa Kigeezi, lugha ya kale ya ibada ya Wahabeshi, na mfalme ambaye jina lake liko kwenye barabara za Nairobi na Dar es Salaam, Haile Selassie, aliitwa Nguvu ya Utatu. Florence walilipunguza tatizo hadi jicho moja. Gondar wameyaacha macho yote sita wazi.