Makufuli mengi hayazuii seva kukwama

Kuna hii dhana naikuta sana kwa watu wanaoanza klasta (seva kadhaa zinazotumia diski moja kwa pamoja), eti mfumo wa faili ukishakuwa na makufuli basi seva haziwezi kukwamana. Hapana jamani, makufuli ndo yanayoleta mkwamo wenyewe! Kazi ya kufuli ni kulinda data tu, yaani seva mbili zisiandike sehemu moja kwa wakati mmoja zikaharibu faili.

Sasa chukua seva A imeshika kufuli la faili namba 10 inataka la namba 20, seva B imeshika 20 inataka 10, kila mmoja anamsubiri mwenzie na hakuna wa kuachia, hapo hata uongeze makufuli mia haisaidii kitu.

Kinachosaidia ni mpangilio. Angalia GFS2, mfumo wa faili wa klasta kwenye Linux, ina utaratibu ambao kila nodi (yaani kila seva ya klasta) inaufuata: kama unahamisha faili toka folda moja kwenda nyingine unaanza na kufuli maalum la klasta nzima, halafu folda mzazi kabla ya mtoto, na zilizo ngazi moja chini ya mzazi mmoja zinafuata namba, ndogo kwanza. Makufuli ya sehemu za diski yanakuja baada ya hapo. Kwa hiyo kama 10 na 20 ziko folda moja, A na B wote wataanza na 10, atakayechelewa anasubiri akiwa hajashika 20, mwenzie anamaliza anaachia.

Na ukiona klasta imeganda usikimbilie kusema ni mkwamo wa hivi, nodi ikifa makufuli yake hayaachiwi mpaka ihakikishwe imetengwa kabisa, yaani haiwezi tena kugusa diski.